MSL apimwe kwa kigezo gani, ikiwa si mauzo wala idadi ya ziara?

Mfamasia_Ilala

Habari za humu wadau. Kampuni ninayofanyia kazi inaanzisha timu ya MSL (Medical Science Liaison, mtaalamu wa sayansi wa kampuni ya dawa) kwa mara ya kwanza hapa Dar. Tuko wawili, wote tumetoka ufamasia wa hospitali, na tutashika dawa za moyo na shinikizo la damu. Kwa wasioijua kazi hii: MSL haendi kwa daktari kuuza. Anakwenda kujadili ushahidi wa kisayansi, kujibu maswali magumu kuhusu dawa, na kurudisha ofisini yale ambayo madaktari wanayaona wodini.

Shida ni kwamba rasimu ya vigezo vya mwaka imeandikwa na mkuu wa mauzo. Anataka ziara 8 kwa siku kama medirepu (muuzaji wa dawa anayetembelea madaktari), ukuaji wa mauzo ya kanda, na idadi ya madaktari "waliokubali" dawa. Meneja wa tiba yuko Nairobi na ameniomba pendekezo mbadala wiki hii. Naomba msaada kwa mambo matatu: tupimwe kwa nini hasa; daktari akiuliza matumizi ambayo TMDA, mamlaka ya dawa ya bara, haijayaidhinisha tujibu mpaka wapi; na mtu anapandaje cheo katika kazi hii bila kuhamia mauzo?

Kipimo_Sahihi

Mkuu, kabla ya vigezo malizaneni kwanza na suala la nani anaripoti kwa nani. MSL akiwa chini ya mkuu wa mauzo, kigezo chochote utakachoandika kitageuka kuwa mauzo kabla mwaka haujafika nusu. Andika mambo matatu kwenye maelezo ya kazi yenyewe: mnaripoti kwa meneja wa tiba, bajeti ya safari inatoka idara ya tiba, na bonasi haifungwi na mauzo ya dawa wala ya kanda. Hilo la bonasi ndilo husahaulika. Kampuni inabadilisha chati ya vyeo, halafu mwisho wa mwaka fomu ya malipo inabaki ileile ya medirepu.

Ziara 8 kwa siku hazitekelezeki kwa kazi hii. Mazungumzo ya maana na bingwa ni dakika 30 hadi 45, na nyuma yake kuna saa nzima au zaidi ya maandalizi: kusoma alichochapisha, kutafuta makala aliyoiulizia, kuhakiki takwimu. Ongeza foleni ya kliniki. Kwa eneo lenye hospitali kubwa kama Muhimbili, JKCI (taasisi ya moyo), KCMC na Bugando, ningempa kila mmoja wenu wataalamu 30 hadi 40 na mazungumzo 6 hadi 8 kwa wiki. Namba hiyo iwe kiwango cha chini cha kuonyesha mtu yuko kazini. Isilipiwe bonasi.

Mgawanyo wangu ungekuwa hivi: asilimia 45 ubora wa taarifa mnazoleta kutoka kwa madaktari, asilimia 30 majibu ya maswali ya kitabibu (jibu la maandishi ndani ya siku 5 za kazi, na liwe sahihi), asilimia 25 ujuzi wa ugonjwa na tafiti, ukipimwa kila robo mwaka na mtu asiye wa timu yenu. Uzingatiaji wa kanuni usiupe asilimia. Aliyevunja kanuni hapati bonasi, basi, hata kama mengine yote yako juu.

Sasa hiyo asilimia 45, maana ndipo kazi inapofia. Kumbukumbu nyingi za MSL zinasomeka hivi: "Daktari ameipokea data vizuri, anaunga mkono." Hakuna mtu ofisini anayeweza kufanya lolote na sentensi hiyo. Linganisha na hii, ambayo nimeitunga kwa mfano:

"Madaktari wanne wa hospitali tatu za rufaa za mikoa, kila mmoja kwa wakati wake, wamesema hawapandishi dozi wiki ya pili kwa sababu kipimo cha potasiamu kinachukua siku tatu kurudi. Wagonjwa wanabaki kwenye dozi ya kuanzia. Swali kwa idara ya tiba: tuna data gani kuhusu kupandisha dozi polepole pale maabara inapochelewa?"

Hapo kuna nani, anafanya nini, kwa sababu gani, na ofisi ifanye nini. Kila mwezi meneja wa tiba aketi na watu wa usalama wa dawa na wa usajili, wazipitie, na mbele ya kila taarifa iandikwe hatua iliyochukuliwa au sababu ya kutochukua hatua. Hesabuni zilizozaa uamuzi. Mkihesabu idadi ya taarifa zilizoandikwa tu, mtaletewa thelathini kwa mwezi na zote ni tupu.

Bi_Kanuni

Najibu swali la pili, na naomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote.

Kazi hii ilianzishwa na kampuni ya Upjohn huko Marekani mwaka 1967, na watu wake wa kwanza walichaguliwa miongoni mwa wauzaji wazoefu wenye msingi wa sayansi. Kwa hiyo mkanganyiko wa sayansi na mauzo umekuwepo tangu kuzaliwa kwake. Mfano ulio wazi zaidi ni wa David Franklin, mtaalamu wa mikrobiolojia aliyeajiriwa na Parke-Davis mwaka 1996 katika nafasi ya aina hii. Alifungua kesi mwaka huohuo, akieleza kwamba yeye na wenzake walitumwa kusukuma gabapentini, dawa iliyoidhinishwa kwa kifafa, itumike kwa magonjwa ambayo haikuidhinishiwa. Mwaka 2004 Warner-Lambert, kampuni mama, ambayo wakati huo ilikuwa tayari mali ya Pfizer, ilikiri makosa na kukubali kulipa dola milioni 430. Mkuu wako wa mauzo akikuuliza kwa nini mnataka ukuta kati yenu na yeye, mpe kesi hiyo aisome.

Daktari akiuliza matumizi yaliyo nje ya kibali, fuata mpangilio huu. Kwanza hakikisha swali ni lake kweli. Kama medirepu alimwambia "muulize MSL wetu kuhusu hili", swali limepandikizwa, na kulijibu ni kutangaza dawa. Pili, liandike kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Tatu, mwambie waziwazi, kabla ya jibu, kwamba matumizi hayo hayamo kwenye kibali cha TMDA. Nne, jibu kilichoulizwa tu: akiuliza dozi kwa mwenye figo dhaifu, usimalizie na matokeo ya ugonjwa mwingine. Tano, jibu la maandishi litoke idara ya taarifa za tiba, likiwa na tafiti zilizoonyesha faida na zilizokosa kuonyesha faida. Sita, nakala isiende kwa medirepu.

Mkivuka kwenda Unguja au Pemba kumbukeni kwamba usajili wa dawa huko uko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar. Kibali cha bara hakivuki maji. Mtafungua maelezo ya dawa yaliyoidhinishwa upande upi? Hakikisheni kabla ya kupanda boti.

Mfamasia_Ilala

Asante sana dada. Swali dogo: tukiwa ziara ya pamoja na medirepu na daktari akauliza papo hapo jambo lililo nje ya kibali, itakuwaje?

Bi_Kanuni

Mwambie daktari kwamba swali lake utalijibu peke yake, mpange muda, na mazungumzo yaishie hapo. Medirepu asiwepo siku hiyo. Kama ofisi inazilazimisha ziara za pamoja, ziwe za utambulisho tu, na hilo liandikwe kwenye utaratibu wa kazi. Medirepu akikuuliza baadaye "ulimjibu nini?", jibu lako ni kwamba swali limeshughulikiwa.

Takwimu_Kwanza

Kuhusu hiyo asilimia 25 ya ujuzi, isiwe mtihani wa kukariri. Mpeni mtu utafiti mmoja, dakika 10, na bingwa mkali wa kumhoji. Kwa dawa zenu ningeanza na CREOLE, utafiti wa dawa za presha uliotoka mwaka 2019. Washiriki walikuwa weusi 728 kutoka nchi sita: Kenya, Uganda, Msumbiji, Kamerun, Nigeria na Afrika Kusini. Makundi matatu: amlodipini na haidroklorothiazidi, amlodipini na perindoprili, perindoprili na haidroklorothiazidi. Walianza na dozi ndogo miezi miwili, kisha ikaongezwa maradufu kwa miezi minne.

Makundi mawili yenye amlodipini yalishusha presha ya sistoli (namba ya juu ya kipimo) iliyopimwa saa 24 kwa takriban mm 3 za zebaki zaidi ya kundi lisilo nayo. Kati yao wenyewe hayakutofautiana. Hapa ndipo upotoshaji huanza. Mwenye kidonge cha amlodipini na perindoprili atasema "chetu ndicho bora kwa Mwafrika." Utafiti haukusema hivyo. Na yule wa upande wa pili atasema perindoprili haifai kwa weusi. Hilo nalo halimo, maana ikiwa pamoja na amlodipini ilifanya kazi sawa na mwenzake.

Bingwa atakuuliza mambo matatu, na uwe nayo kichwani. Tofauti ya 3.14 kati ya kundi la amlodipini na haidroklorothiazidi na kundi lisilo na amlodipini ina ukubwa gani wa mashaka? Masafa yake ya uhakika wa 95% yanaanzia 5.90 hadi 0.38, yaani tofauti halisi inaweza kuwa ndogo sana. Je, ulipima kiharusi au vifo? La, ulipima presha kwa miezi sita. Watanzania walikuwemo? Hawakuwemo. Ukisema hayo kabla hujaulizwa, daktari ataanza kukuamini.

Jambo jingine linalowaangusha wengi ni kutaja punguzo la asilimia peke yake. Utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019 ulikuwa na wagonjwa 4,744 wenye moyo dhaifu, dapagliflozini dhidi ya plasebo (kidonge kisicho na dawa). Tukio kuu, yaani kuzidiwa na ugonjwa wa moyo au kufa kwa sababu ya moyo, liliwapata 16.3% dhidi ya 21.2% ndani ya wastani wa miezi 18. Ukisema "hupunguza kwa 26%" umesema kweli, lakini nusu. Sema pia kwamba tofauti halisi ni takriban pointi 5, kwa hiyo unawatibu wagonjwa 21 kwa muda huo kuzuia tukio kwa mmoja. Daktari anayelazimika kumweleza mgonjwa anayelipa mwenyewe anaihitaji namba hiyo ya pili.

Dokta_wa_Wodi

Nachangia kutoka upande wa anayetembelewa. Nakubaliana na Kipimo_Sahihi kwa mengi, ila siku 5 za kazi ni nyingi kwa swali la mgonjwa aliyelala wodini. Wekeni ngazi mbili: swali la usalama wa mgonjwa aliyepo, jibu la awali siku hiyohiyo kwa simu na maandishi yafuate; swali la kitaaluma, siku 5.

Na madhara ya dawa hayajatajwa, wakati MSL huyasikia kuliko mtu yeyote wa kampuni. Daktari anasema kwa kupita tu, "mama mmoja alivimba midomo", mazungumzo yanaendelea, hakuna aliyeandika. Ukiwa na vitu vinne taarifa imekamilika kiasi cha kupelekwa: mgonjwa anayetambulika (umri au jinsia inatosha, jina usiandike), mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na tukio. Ipeleke kwa idara ya usalama wa dawa ndani ya saa 24, hata kama mwenyewe huamini kwamba dawa ndiyo chanzo. Dawa kutofanya kazi, na mjamzito kuitumia, navyo huripotiwa. Daktari naye mkumbushe fomu ya njano ya TMDA. Taarifa yako kwa kampuni haifuti yake.

Kuhusu kupanda cheo: ngazi za kawaida ni MSL, MSL mwandamizi, kiongozi wa timu, meneja wa tiba, mkurugenzi wa tiba. Vyeti kama BCMAS (cheti cha kimataifa cha kazi za idara ya tiba) vinasaidia kwenye wasifu lakini si leseni, na havimfichi asiyejua kusoma utafiti. Kinachompandisha mtu ni kushika kazi ambazo meneja hana muda nazo: kuandaa kikao cha ushauri cha mabingwa chenye maswali yanayojibika, au kulifuatilia andiko la utafiti la daktari wa hapa tangu wazo mpaka kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na, kama ni jaribio la dawa, kibali cha TMDA. Makala ya utafiti huo ikichapishwa, usidai jina lako kwa sababu tu uliunganisha watu. Masharti ya uandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne, na yote lazima yatimie: mchango mkubwa wa kitaaluma, kushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima.

Kwenye pendekezo lako la Nairobi ongeza kipengele kimoja: mara mbili kwa mwaka mtu asiye wa timu yenu awaulize madaktari 10, bila kutaja jina la dawa, "MSL huyu alikupa kitu ambacho usingekipata kwa medirepu?" Majibu yaende moja kwa moja kwa meneja wa tiba.