Fedha za vifaa vya sayansi sekondari: projekta na simulesheni, au kemikali na hadubini?

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa (mwanzisha mada)

Ndugu walimu, salaam.

Ninafundisha fizikia na kemia katika sekondari ya kata. Majengo ya maabara tunayo, kwani yalijengwa baada ya agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012 lililotaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, lakini vyumba viwili kati ya hivyo hadi leo vinatumika kama madarasa ya kawaida kwa kuwa meza zipo na vifaa havipo. Hivi karibuni wahitimu wa zamani wametuchangia fedha, na mkuu wa shule ameniagiza niandike pendekezo la matumizi kabla ya kikao cha bodi. Kiasi kilichopatikana kinatosha kununua projekta moja na kompyuta mpakato, au vifaa vya kawaida vya maabara pamoja na kemikali za muhula mmoja, lakini si vyote viwili.

Wenzangu katika idara wamegawanyika. Walimu vijana wanasema dunia imekwenda kwenye simulesheni, yaani majaribio yanayoigizwa kwenye kompyuta, na kwamba bika za kioo zitavunjika ndani ya mwaka ilhali faili haivunjiki. Wakongwe wanasema mtahiniwa wa Kidato cha Nne haulizwi alichokitazama kwenye skrini bali hupewa bureti (mrija wenye alama za kupimia kimiminika) na saa, kisha huambiwa apime. Umeme tunao ingawa hukatika, na intaneti ni bando la mwalimu mwenyewe. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 80.

Ninachoomba kwenu si maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa teknolojia. Naomba mnieleze, kwa mada mlizozifundisha wenyewe, ni zipi ambazo zana hizi mpya zinazipatia vizuri na ni zipi ambazo haziwezi.

Mwalimu wa fizikia, Iringa

Mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Nitazungumzia simulesheni za PhET, kwa sababu ndizo ninazozitumia kila wiki. Zinatolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, na mradi wenyewe ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Lenye manufaa kwako ni kwamba simulesheni za sasa hupakuliwa mojamoja na kufunguka katika kivinjari cha kawaida bila intaneti. Unaweza kuzipakua siku ukienda mjini, ukazihifadhi kwenye flashi, na tangu hapo suala la bando likawa limekwisha.

Hata hivyo, ubora wake haulingani katika kila mada. Kwenye tabia za gesi hazina mshindani, maana hakuna maabara ya sekondari inayoweza kumwonyesha mwanafunzi chembe zenyewe. Hapo anaongeza joto, anaona chembe zikienda kasi na kugonga kuta za chombo mara nyingi zaidi, na wakati huohuo kipimo cha kanieneo kinapanda. Kwenye umeme wa sakiti ningekushauri uwe mwangalifu. Ukiunganisha betri na balbu katika simulesheni, betri hiyo mwanzoni haina ukinzani wa ndani, yaani haizuii mkondo unaopita ndani yake, kwa hiyo voltimita itaendelea kusoma volti zilezile hata ukiongeza balbu nyingine sambamba na ya kwanza. Betri ya dukani ya volti 1.5 haina tabia hiyo. Mkondo ukiongezeka, kipimo kinashuka, na iliyokwisha kutumika kwenye tochi hushuka zaidi.

Mimi huanza na betri halisi. Wanafunzi hupima, huona kipimo kikishuka, hubishana kuhusu sababu, kisha ndipo tunapofungua simulesheni na kwenda kwenye mpangilio unaoruhusu kuongeza ukinzani wa ndani, nao hutafuta thamani itakayotoa namba zinazokaribiana na walizopima kwa mikono yao. Ukigeuza mpangilio huo, ukaanza na skrini, wataiona betri halisi kuwa ni mbovu.

Jambo moja la pembeni: usinunue projekta. Taa yake ni ghali, inahitaji chumba kiwe na giza, na madirisha yetu hayana mapazia. Televisheni bapa inayopokea picha kutoka kwenye kompyuta huonekana hata mchana.

Fundi sanifu wa maabara, Tanga

Nakubaliana na mwalimu wa Iringa kuhusu gesi, lakini kwa upande wa kemia sitaki bodi yenu idanganyike. Titresheni, yaani kupima ukolezi wa asidi au besi kwa kudondosha myeyusho mmoja kwenye mwingine hadi rangi igeuke, haifundishiki kwenye skrini. Mwanafunzi lazima aone mwenyewe kwamba tone moja tu limetosha kugeuza rangi ya mchanganyiko, na kwamba tone hilo likipita hakuna namna ya kulirudisha. Habari njema ni kwamba kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama mnavyoviona kwenye orodha za wauzaji. Bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, likiwa halina sindano, linaweza kufanya kazi ya bureti na ya pipeti kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu, na kwa kuwa ujazo ni mdogo, kemikali inayotumika ni sehemu ndogo tu ya ile iliyozoeleka. Bureti za kioo chache mtakazonunua zitunzwe kwa ajili ya Kidato cha Nne wanaojiandaa na mtihani.

Asidi ya betri inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari ni asidi ya salfa yenye ukolezi wa takriban moli 4.5 hadi 5 kwa lita. Mililita 20 zikichanganywa na maji hadi kupata lita moja, unapata myeyusho wa takriban moli 0.1 kwa lita, ambao utaupima upya kwa kaboneti ya sodiamu ili kujua ukolezi wake halisi. Kazi hiyo aifanye mwalimu au fundi peke yake, akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, na asidi ndiyo imiminwe kidogokidogo kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Kiashiria si lazima kiagizwe: rozela iliyochemshwa hutoa rangi nyekundu kwenye asidi na ya kijani kwenye besi, ingawa kwa titresheni inayotafuta jibu sahihi kiashiria cha maabara bado kinahitajika, na kwa asidi na kaboneti kiwe methyl orange.

Mrututu (salfeti ya shaba) wa maduka ya pembejeo nao unafaa kwa elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme. Chukueni fito mbili za kaboni kutoka kwenye betri kavu zilizokwisha, mzisugue ziwe safi, na baada ya dakika chache ufito uliounganishwa kwenye upande hasi utavaa shaba nyekundu, huku mapovu ya oksijeni yakitoka kwenye ule mwingine. Msiutumie mrututu huo kwa uchambuzi wa chumvi, kwa sababu usafi wake hauaminiki na matokeo yatawachanganya wanafunzi.

Mwalimu, Trans Nzoia

Hujambo, mwalimu. Nchini Kenya mjadala huu tumekuwa nao tangu mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulipoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, na baadaye CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa masomo hayo, ikaendeleza kazi hiyo. Mkazo wake ulikuwa kumfanya mwanafunzi atende, na mwalimu abuni kifaa pale kinapokosekana. Kinachonishangaza ni kwamba kifaa bora zaidi cha kupimia kilichomo shuleni mwetu leo hakimo kwenye orodha yoyote ya maabara, nacho ni simu iliyo mfukoni mwa mwalimu.

Ipo programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ambayo hutumia vihisi vya simu kama vyombo vya kupimia. Najua wanafunzi wenu, kama wetu, hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini simu mbili za walimu zinatosha kupima kasi ya sauti. Ziwekeni mita 5 kutoka moja hadi nyingine, zote zikiwa kwenye saa inayoanza na kusimama kwa mlio. Mwanafunzi aliye kwenye simu ya kwanza anapiga kofi na saa zote mbili zinaanza; baada ya muda mfupi yule wa pili anapiga kofi na zote zinasimama. Simu ya kwanza itaonyesha muda mrefu kidogo kuliko ya pili, na tofauti hiyo ni muda ambao sauti huchukua kusafiri mita 10, yaani kama sekunde 0.029. Gawanyeni, mtapata karibu mita 345 kwa sekunde. Fanyeni uwanjani wakati madarasa mengine yametulia, la sivyo kelele zitasimamisha saa kabla ya kofi.

Mwalimu wa baiolojia, Morogoro

Naongeza mawili tu. Kwanza, hadubini ya karatasi ya Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140 hivi. Inatosha kuona seli za utando wa kitunguu uliotiwa iodini. Pili, kwa stomata (vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa) hamhitaji kukata jani: pakeni rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, iacheni ikauke, ibandueni kwa utepe wa gundi na kuibandika kwenye kipande cha kioo. Hata hivyo, hadubini moja ya kawaida yenye uwezo wa kukuza mara 400 isiondolewe kwenye bajeti.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Nawashukuru sana. Nimekwisha kubadilisha pendekezo: televisheni ya ukubwa wa kati itakayotumia kompyuta iliyopo ofisini, kisha sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kemikali, voltimita, ammita na hadubini moja. Bado nina wasiwasi mmoja. Wanafunzi 80 mbele ya skrini moja watageuka watazamaji, na mwalimu atakuwa ndiye anayefanya sayansi peke yake.

Mwalimu wa fizikia, Iringa

Wasiwasi huo ni wa haki, na ndio unaowashinda wengi. Usiguse kitufe kabla kila kikundi hakijaandika kwenye daftari kinachotarajia kitokee na sababu yake. Simamisha simulesheni, uliza swali, wape dakika tatu, waite wawili wenye majibu yanayopingana wasimame wajitetee, kisha ndipo uiendeshe. Kila mara mwanafunzi mwingine ndiye akae kwenye kompyuta, wewe simama nyuma ya darasa. Na usiipe zaidi ya robo ya kipindi. Muda unaobaki wagawie betri, waya na mita, hata kama kundi moja litakuwa la watu kumi.