Nianze kuchomelea na mashine ipi: ya koili au inveta?

Kijana wa Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma, kazi yangu ni ya kukaa mezani siku nzima. Jumamosi nataka nijifunze kuchomelea, sio biashara: vigoda, stendi ya ndoo, baadaye kichanja cha mama cha kuanikia dagaa. Kuna fundi ananiuzia mashine yake ya koili (ile nzito ya waya za kusukwa), na dukani nimeona inveta, ile ya kielektroniki, ndogo ya kubeba mkononi. Bei zimekaribiana. Mngekuwa ninyi?

Anko Grenda: Koili. Yangu ilisukwa hapa hapa mtaani, nimepigia mageti miaka 9. Ikiungua inasukwa upya. Inveta ikifa ubao wake wa saketi, umebaki na pambo la sebuleni.

Shemeji wa Gungu: Anko, wewe fundi, huyu atachomelea nyumbani. Koili ikipiga moto taa za jirani zinafifia, mwenye nyumba anagonga mlango. Yamenikuta. Piga hesabu: inveta kwa amp 80, volti kama 23 kwenye rodi (kijiti cha kuchomelea), ni kilowati 2 na ushee ukijumlisha inayopotea njiani, tena pale tu moto unapowaka. Soketi ya amp 13 inabeba. Umeme ukiwa mdogo jioni moto unalegea, kwa hiyo amkia kazi asubuhi. Na ipulize vumbi mara kwa mara; vumbi la grenda ni chuma, likijaa ndani ubao umekwenda.

Anko Grenda: Kwenye vumbi sibishi.

Mama Fundi Ujiji: Mnabishania mashine, mwenzenu ataishia kutoboa mabomba. Mdogo wangu, skweapaipu za vigoda ni nyembamba, milimita 1.2 au 1.5. Chukua rodi aina ya 6013 za milimita 2.5, anzia amp 60, usigande sehemu moja. Piga doti za kushikiza pembe zote kwanza, pima kwa skwea, ndipo ufunge kwa kuchomelea mstari mzima. Ukifunga upande mmoja wote, chuma kikipoa kinavuta, kigoda kinabaki na mguu mmoja hewani. Changu cha kwanza mpaka leo kinawekewa kipande cha tofali. Rodi zifunge vizuri, huku ziwani zinavuta unyevu. Mimi huzianika juani kabla ya kazi.

Bomba lenye zinki lisage mpaka ile ngozi nyeupe iishe, na ufanyie kazi nje. Moshi wake unaleta homa usiku, unatetemeka ukidhani ni malaria. Na miwani ya jua sio kinga! Kofia ya kuchomelea, kioo cheusi namba 10. Mwanga hauumi pale pale. Saa sita usiku ndio unahisi macho yametiwa mchanga.

Kijana wa Mwanga: Shikamoo mama. Inveta basi. Kofia nichukue ile inayojitia giza yenyewe au ya kioo cha kawaida?

Mama Fundi Ujiji: Marahaba. Kama hela ipo, inayojitia giza. Ya kawaida utakuwa unaitafuta rodi gizani wiki nzima.

Anko Grenda: Sisi tulijifunza na ya kawaida.

Mama Fundi Ujiji: Ndio maana mageti yako nayajua kwa mbali.