Njia ya baiskeli yenye kingo kutoka Kange hadi Tanga mjini: ombi liandikweje?

Mdau wa Makorora
Wakuu, salaam. Mtaani kwetu tunaandaa ombi la njia ya baiskeli iliyotengwa kwa kingo za zege, si mstari wa rangi tu, kwenye barabara kubwa ya kutoka Kange kuingia mjini, na baadaye mitaa yenye pilikapilika ya Ngamiani. Majibu tutakayopewa nayajua: barabara nyembamba, waendesha baiskeli wachache, mtaongeza foleni. Wenye ujuzi wa barabara mtusaidie: tuhesabu nini, upana gani unatosha, na nini huharibika ikishajengwa?

Kipimo Tape
Kwanza jueni mnamwandikia nani. Barabara ya Segera–Tanga ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Mitaa ya Ngamiani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkiandika barua moja ya kila kitu, itazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mchoke. Andikeni mbili, nakala kwa Mkurugenzi wa Jiji na kwa diwani. Tena mapema: mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango huwa imeshafungwa miezi kadhaa kabla.

Kuhesabu: Jumanne, Jumatano au Alhamisi, saa 12 asubuhi hadi 12 jioni, kila robo saa mstari mpya kwenye karatasi. Ijumaa muiache, mchana wa swala unapotosha picha. Tenganisheni baiskeli, guta na mikokoteni, bodaboda, bajaji, daladala, gari dogo, lori. Halafu fanyeni kazi ambayo wengi huiruka: geuzeni vyombo kuwa watu. Chukueni sampuli ya magari madogo, mhesabu vichwa ndani. Mwongozo wa NACTO, chama cha maofisa wa usafiri wa miji cha Marekani, unakadiria kuwa leni moja ya magari mchanganyiko hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, na njia ya baiskeli iliyolindwa, ya kwenda na kurudi, hadi 7,500. Hoja ya foleni mnaijibu kwa takwimu za namna hiyo, si kwa kulalamika.

Na msihesabu walio kwenye lami peke yao. Wekeni mtu wa pili kwenye vumbi la pembeni na mwingine mtaa wa nyuma, maana wanaoogopa malori hupita huko. Mkiwaacha, mtakuwa mmemthibitishia mhandisi kwamba baiskeli ni chache.

Fundi Zege
Nichukue upana. Njia ya kwenda upande mmoja: mita 2.0, ikibana sana 1.5, ila kwa 1.5 hakuna kumpita mwenye mzigo mpana wa mkaa au kreti za soda. Nafasi ya kinga kati yake na magari: mita 0.6, na 1.0 kama kuna magari yaliyoegeshwa, kwa sababu mlango ukifunguliwa ghafla unamfagia mtu.

Mfano wa lami ya mita 12: leni mbili za magari za 3.0, njia mbili za baiskeli za 2.0, kinga mbili za 0.6. Jumla 11.2, imebaki 0.8 ya kuongezea kwenye kinga. Hesabu hiyo ni ya mitaa ya ndani. Barabara ya Kange ina malori ya bandarini na ya saruji kutoka Pongwe: bodi ya lori ni kama mita 2.5, na vioo vya pembeni vinalifikisha karibu 3.0. Huko ombeni leni za magari za 3.5, mkipungukiwa nafasi punguzeni maegesho, si kinga.

Kingo: zege la kumwagwa kiwandani, kimo sentimita 15, lifungwe kwenye lami kwa nondo ya milimita 12 inayoingia kwenye tundu lililotobolewa na kumiminiwa saruji. Nguzo za chuma msizitegemee, zitaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Acheni mianya kati ya kingo, maji ya masika yapate pa kutokea kuelekea mtaroni. Bila mianya mchanga unatulia ndani, na tairi jembamba likikanyaga mchanga kwenye kona mtu yuko chini. Vifuniko vya mitaro viwekwe vyuma vyake vikikata mwelekeo wa tairi. Kuna vingi vimelazwa sambamba na barabara, tairi linazama hadi kwenye rimu.

Mdau wa Makorora
Shukrani sana. Na bodaboda? Wataingia humo siku ya kwanza.

Kipimo Tape
Wataingia, tusidanganyane. Nguzo moja katikati ya njia ya mita 2.2 inaacha kama mita 1 kila upande: bajaji (mita 1.3) haipiti, ila guta pana nalo litakwama, na bodaboda anapita bila kupunguza mwendo. Kilichobaki ni trafiki, na kuwapa bodaboda kituo chao nje ya kingo. Tazameni njia za pembeni mwa barabara za mwendokasi Dar: pale wafanyabiashara na pikipiki walipoachwa, mwendesha baiskeli anarudi kwenye lami ya magari.

Fundi Zege
Nyongeza moja ambayo wengi wanaisahau: makutano. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo hatari ni gari linalokata kushoto mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja. Kingo zisikatike mita 30 kabla ya kona, kama zinavyochorwa mara nyingi ili magari yapate nafasi ya kujipanga. Ziende hadi kwenye kona, kona yenyewe ibanwe iwe na nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5 ili dereva alazimike kupunguza, na kivuko cha baiskeli kiinuliwe sentimita 10 kwa tuta la bapa. Pale malori yanapokata kona, wekeni ukingo wa mawe unaokanyagika kwa tairi la lori, ila gari dogo liukwepe. Maegesho yakome mita 10 kabla ya makutano, dereva amwone mtu mapema. Mkipewa fedha kidogo, anzeni na makutano mawili na kipande kinachoyaunganisha, kabla ya kilomita moja ya kingo zinazoishia hewani.