Mnaouza mafunzo ya Raspberry Pi "bila bodi", kwa nini hamsemi pini hazisomi kitu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni fundi hapa Dodoma, Nkuhungu. Nina vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, nawafundisha umeme na programu jioni kazi zikiisha. Tunatengeneza kifaa cha kumwagilia zabibu kwa matone, kwa ajili ya shamba la mzee wa mmoja wao kule Hombolo. Wa huku mnajua hali: mvua ikishakata mwezi wa nne, hadi Desemba ni jua na vumbi, na koki ikisahauliwa wazi usiku mmoja tenki limekwisha. Tulitaka kifaa kisome udongo, kifungue na kufunga valvu chenyewe.

Bodi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo yenye pini za kuunganishia vitufe na valvu, hatukuwa nayo. Tukakuta mafunzo ya kulipia, ya Kiswahili, yanayoahidi kwamba Raspberry Pi utaiendesha ndani ya kompyuta yako na pini zote 40 zitafanya kazi. Tukachanga watatu, tukalipa.

Kwanza ahadi yenyewe ilitakiwa initie shaka. Kati ya pini 40, 12 ni za umeme na ardhi tu: mbili za volti 5, mbili za volti 3.3, nane za ardhi. Zinazobaki 28 ndizo za kuandikia na kusoma. Anayefundisha pini na halijui hilo anafundisha nini?

Somo la kwanza likatuelekeza tuwashe QEMU, emuleta yaani programu inayoiga mashine nyingine ndani ya kompyuta yako, kwa mashine ya versatilepb. Mfumo ukawaka vizuri. Tulipoiita maktaba ya pini ikagoma, ikasema inafanya kazi kwenye Raspberry Pi tu. Ni kweli, maana versatilepb ni bodi nyingine kabisa ya ARM, chipu ya Broadcom inayotumiwa na Raspberry Pi haimo. Ujumbe ule nauheshimu. Uliniambia ukweli papo hapo.

Tukahamia raspi3b, mashine ya QEMU inayoiga Raspberry Pi 3B. Bando likaenda kwenye kupakua mfumo upya, jioni nzima ikaenda kwenye faili la kadi ya SD lenye mfumo, kwa sababu QEMU inaikataa kadi ambayo ukubwa wake si GB 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili. Sawa, tukavuka. Nikaiweka pini ya 17 iwe ya kutoa, nikaandika 1 (washa), nikaisoma: 1. Nikaandika 0 (zima), nikaisoma: 0. Vijana wakashangilia. Na mimi niliamini.

Kisha tukaja kwenye kitufe. Pini ya 27 tukaifanya ya kusoma, tukaiwekea uvutaji wa ndani unaoishikilia kwenye 1 mpaka kitufe kibonyezwe. Hakuna aliyebonyeza chochote, lakini ikasoma 0. Kwa programu yetu 0 maana yake kitufe kimebonyezwa, fungua valvu. Valvu ikahesabika imefunguka na haikufunga tena. Na ile sehemu ya programu inayosubiri pini ibadilike, tuliiacha tangu jioni hadi saa sita usiku, haikushtuka hata mara moja. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna onyo kwenye skrini. Kimya.

Siku tisa! Siku tisa tunatafuta kosa kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, ya dogo mmoja kati ya wale wawili, ambayo haikuwa na kosa. Nilimgombeza mbele ya mwenzake kwamba hayuko makini. Akarudi nyumbani, akaandika programu yote upya kwa mkono kwenye daftari, aone kosa liko wapi.

Siku ya kumi nikafungua kodi ya QEMU yenyewe, sehemu ya pini. Jibu lilikuwepo pale. Ukiandika 1, inaikumbuka namba hiyo na kukurudishia ukiisoma. Hakuna waya unaoingia kutoka nje. Rejista (visanduku vya namba ndani ya chipu) za uvutaji wa ndani na za kugundua badiliko hazijatengenezwa, ukizisoma zinakupa 0. Siwalaumu waandishi wa QEMU hata kidogo, maana nyaraka zao zinataja wazi vifaa walivyotengeneza na vilivyokosekana, na PWM (kuwasha na kuzima pini haraka haraka) imo kwenye vilivyokosekana. Lakini mwenye mafunzo alichukua hela yetu, na nilipomuuliza alinijibu kwamba sijui kuunga waya. Waya upi, ndugu yangu? Ndani ya emuleta?

Halafu kuna wanaojibu kila swali la namna hii kwa "nunua bodi". Aliyeuliza angekuwa na hela ya bodi asingekuwa anahangaika na emuleta.

Kwa aliyekwama kama sisi: kama unatumia gpiozero, maktaba ya Python ya kuendesha pini, weka GPIOZERO_PIN_FACTORY=mock kabla ya kuendesha programu. Utapata pini za bandia ambazo kodi yako ya majaribio inaweza kuzipandisha na kuzishusha yenyewe. Unayetaka kujaribu kupitia kerneli, yaani kiini cha mfumo, Linux ina gpio-sim, kifaa cha kuiga pini, tangu toleo la 5.17. Unatengeneza chipu ya pini kupitia configfs (mafaili ya kuipangia kerneli), kisha kwenye faili la pull la pini husika unaandika pull-up (iende 1) au pull-down (iende 0), na programu yako inaona badiliko kama vile mtu amegusa kitufe. Vyote viwili vinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, bila QEMU kabisa. Programu ya dogo ilipita jaribio la kwanza, bila kubadilishwa hata mstari mmoja.

Nimeshamwomba radhi. Mwenye mafunzo, narudia hapa hadharani: futa ahadi ya pini kwenye tangazo lako na uturudishie hela yetu.

Na kama kuna mdau Dodoma mwenye Raspberry Pi iliyotumika, toleo lolote, anauza, aniandikie hapa hapa. Hata kama haitoi picha. Nahitaji pini tu.