Karatasi nyeusi ya ukutani jikoni: roli ngapi, na maungio yasionekane vipi?

Kaunta_Safi:
Habari wakuu. Nataka kubandika karatasi ya ukutani jikoni, rangi nyeusi inayoelekea kijani, ina majani makubwa, haing'ai. Ni ukuta mmoja tu, upana mita 3.6, kimo mita 2.4. Kwa sasa umepakwa rangi ya mafuta, nyeupe. Sinki na jiko la gesi vyote viko ukuta huohuo. Lebo inasema mrudio wa nakshi ni sm 64, yaani michoro inajirudia kila sm 64. Maswali: roli mbili zitatosha? Nizuie vipi ile mistari myeupe kwenye maungio? Na je, jikoni hapatakuwa giza?

Timazi:
Roli mbili hazitoshi mkuu, na kinachokuponza ni huo mrudio. Roli ya kawaida ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10.05. Ukigawa mita 3.6 kwa 0.53 unapata 6.8, yaani vipande 7. Kila kipande ni mita 2.4 na sm 10 za kukatia juu na chini, jumla 2.5. Karatasi isiyo na nakshi ya kulinganisha ingekupa vipande 4 kwa roli, na roli mbili zingetosha. Yako ina mrudio wa sm 64, kwa hiyo kila kipande lazima kianze mahali palepale pa nakshi: mirudio minne, mita 2.56. Vinne ni mita 10.24, na roli imekwisha. Hata kipande cha nne ukikikata kamili bila ziada, bado unapungukiwa sm 3. Utapata vitatu kwa roli, kwa hiyo nunua roli 3, na ya nne ukiweza, kwa ajili ya viraka vya baadaye.

Zote ziwe na namba ileile ya toleo, yaani zimechapwa kwa mkupuo mmoja. Tofauti ndogo ya wino kati ya matoleo hutaiona roli zikiwa mkononi. Ukutani, kwenye rangi nyeusi, utaiona kila siku.

Kuhusu aina: chukua ya vinili (uso wa plastiki) yenye mgongo wa nyuzi zisizofumwa. Kwenye lebo tafuta alama za mawimbi. Wimbi moja maana yake inafutwa kwa sponji yenye maji kidogo tu, mawili inaoshwa, matatu inaoshwa sana. Jikoni usishuke chini ya mawili.

Msasa120:
Nyongeza kuhusu maungio, maana hapo ndipo karatasi nyeusi huharibika.

Mistari myeupe ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni ukuta mweupe unaochungulia. Cha pili ni ukingo wa karatasi yenyewe: wino uko juu tu, ndani ni nyeupe. Ukizuia kimoja na kuacha kingine, mstari utabaki.

Anza na ukuta. Osha mafuta ya mapishi kwa maji ya moto na sabuni kali, suuza, acha ukauke. Kwangua kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao wote uishe, kwa sababu gundi ya karatasi haishiki rangi ya mafuta inayong'aa. Ziba mashimo kwa puti, malizia na msasa namba 180, futa vumbi. Kisha praima (rangi ya msingi) ya kushika kwenye rangi ya mafuta, na juu yake mkono mmoja wa rangi ya maji isiyong'aa, ya kijani cheusi kinachokaribia karatasi yako. Paka ukuta mzima, usihangaike kupaka michirizi ya maungio peke yake. Acha ikauke kabisa, angalau siku moja. Rangi mbichi huchanganyika na gundi na kutokea juu kama doa.

Ukingo wa karatasi upake kabla ya kubandika. Ikiwa roli bado imekunjwa, pitisha chaki laini ya kuchorea ya rangi hiyohiyo kwenye pande zake mbili, halafu pangusa unga unaobaki. Usitumie kalamu ya wino usiofutika. Gundi ikiulowesha, wino huo husambaa hadi usoni mwa karatasi.

Kipande cha kwanza kifuate mstari wima uliopimwa kwa timazi (uzi wenye uzito), si kona, kwa sababu kona karibu zote zimepinda. Kwa karatasi ya mgongo wa nyuzi gundi hupakwa ukutani, sm chache kupita upana wa kipande. Ukichagua ya mgongo wa karatasi, gundi hupakwa kwenye kipande, kisha unakikunja na kukiacha kilainike kwa dakika zilizoandikwa kwenye lebo, muda uleule kwa kila kipande. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hurudi. Kimoja kikilowa dakika 3 na kingine 10, vitakauka kwa vipimo tofauti na upenyo utafunguka hata kama ulivikutanisha vizuri.

Gundi ikitokeza kwenye maungio, ifute papo hapo kwa sponji safi na maji safi. Usisugue na usikandamize kirola kwa nguvu. Rangi nyeusi isiyong'aa ikisuguliwa hupata mng'ao, na mng'ao huo hauondoki.

Kaunta_Safi:
Asanteni sana. Nyuma ya jiko la gesi na sinki je? Nimeona watu wanapaka vanishi ya maji juu ya karatasi. Na kuna zile za kujibandika, hazina kazi nyingi.

MotoMdogo:
Nyuma ya jiko la gesi usiweke karatasi ya aina yoyote. Vinili hulainika na kugeuka rangi kwa joto, na karatasi inashika moto. Weka vigae, bati la chuma kisichoshika kutu, au kioo kilichoimarishwa kwa joto, kuanzia kaunta hadi kwenye feni ya kuvuta moshi, kizidi jiko kila upande. Kijitabu cha jiko huwa kinataja umbali wa chini kutoka kwenye vitu vinavyoungua, fuata hicho. Kwenye sinki sm 45 hadi 60 za vigae zinatosha, na pale karatasi inapokutana na kigae pitisha mstari mwembamba wa silikoni ya jikoni isiyo na rangi. Maji ya chumvichumvi huacha michirizi myeupe, na kwenye nyeusi inapiga kelele.

Kwa soketi, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Legeza kifuniko, kata karatasi umbo la X kuanzia katikati, bakiza milimita 5 ziingie chini ya kifuniko.

Za kujibandika zinafaa ndani ya kabati. Ukutani, mvuke na mafuta huzibandua kuanzia pembeni.

Timazi:
Vanishi sishauri kwa karatasi yako. Kwenye rangi nyeusi, ile isemwayo haing'ai huacha ukungu wa maziwa na alama za brashi, na ikiingia kwenye maungio inayafanya yaonekane zaidi. Vinili yenye mawimbi mawili haiihitaji. Ukisisitiza, jaribu kwenye kipande cha akiba, uache siku mbili, ukitazame kwa mwanga wa pembeni.

MotoMdogo:
Kuhusu giza: ukuta mmoja haujazi chumba giza, ila utapoteza mwanga uliokuwa unarudi kutoka ule mweupe. Nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, nyeusi kama yako haifiki 10. Kwa hiyo kaunta ndiyo itakayokosa mwanga. Funga ukanda wa taa za LED chini ya kabati za juu, upande wa mbele, si ukutani. Ukiuweka ukutani mwanga utashuka juu ya karatasi na kuonyesha kila kijipu cha puti. Chagua taa za Kelvini 2700 hadi 3000 (mwanga wa manjano), na kipimo cha uhalisia wa rangi (CRI) kisipungue 90, la sivyo hicho kijani utakiona kama majivu.