YULE BWANA KAMWAGA CHAMBO CHANGU MCHANGANI, WAZIMA WAZIMA, HUKU ANANIANGALIA

Wakuu, mkiona herufi zinarukaruka mjue ni hasira, sijatulia bado. Jina simtaji. Wa Ziwa Victoria mnamjua tu, yule mkaguzi wa kizibao na kalamu mbili mfukoni zisizoandika, anayekaa njia panda ya kushukia mwaloni mitumbwi inapopaki, akikohoa tu hata bata wanapanga foleni ya kukaguliwa.

Leo alfajiri nateremka na boda, nyuma nimefunga dumu, ndani vifaranga vya kambare wanachezacheza safi kabisa, nimewanunua kwa mfugaji bwawani kwake na risiti ninayo. Wenye migonzo, zile kamba ndefu za ndoano nyingi, wanapiga simu chambo kiko wapi, mitumbwi imeshatiwa mafuta, sangara hamsubiri mtu. Jamaa akanyoosha mkono nikasimama. Akachungulia. Kibali kiko wapi? Nikatoa leseni, akasema hiyo ya kuvulia. Nikatoa risiti, akasema hiyo ya kununulia. Nikamuuliza sasa mzee wangu hicho kibali chenyewe kinafananaje na kinatolewa wapi, akasema utaambiwa ofisini, na ofisi yenyewe ndio yeye amesimama hapo!

Halafu akainamisha dumu. AKAMWAGA. Mchangani. Wazima.

Yaani hakusema geuza urudi, hakuandika faini, hakuniitia kiongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, kainamisha tu dumu taratibu huku ananiangalia machoni. Na kambare mnamjua, ana kiungo cha kupumulia hewa, hafi leo wala kesho, basi wakaanza kujikokota wenyewe kuelekea ziwani, jeshi zima, hawana kibali hata mmoja, na yule bwana akawa anawazuia KWA KIATU. Mtu mzima na kizibao chake anachunga kambare kwa kiatu saa kumi na mbili asubuhi, anahangaika kulia anahangaika kushoto, watu wa mwaloni wamejaa wanatazama.

Mimi kanuni sipingi. Sangara chini ya sentimita 50 simgusi, kokoro, lile wavu la kuburuta, sijawahi kulishika hata kamba yake. Lakini kokoro linavutwa usiku kucha pale pale chini ya pua yake, linakwangua mazalia yote ya pwani, mbona huko hajawahi kumwaga kitu? Mwenye risiti ndio anamwagiwa. Mchangani.

Na nikiwa naokota okota alichonambia ni hiki, someni vizuri: "shukuru sijachukua na dumu." NISHUKURU!

Mzee wa Mwalo:
Pole sana mdogo wangu. Huyo namjua, mwaka juzi alinipimia sangara kwa rula ya mwanafunzi iliyovunjika mwanzo, ilikuwa inaanzia sentimita nne. Vipimo vyote vikawa vya uongo.

Kaka Nyuzi:
Tupia picha ya kiatu.

Fundi Boti Kavu:
Mleta mada na wewe umezidi, una boda, yeye ana miguu, umeshindwaje kumpita? Kojoa ukalale.

Mleta mada:
@Fundi Boti Kavu nimpite na dumu la maji nyuma? Ungekuwepo ungeongea hivyo? Kamwaga huku ananiangalia, elewa hilo kwanza.

Bwawani Kwetu:
Pole mkuu, ila tuambiane ukweli. Tuna Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na kuhamisha samaki hai toka maji haya kwenda maji mengine ni jambo la kuombea kibali, risiti ya mfugaji haitoshi. Na sababu ni ya maana. Lile dumu halibebi kambare tu, linabeba maji ya bwawa, na kwenye maji kuna vimelea vya magonjwa, kuna mayai ya samaki wengine, kuna vipande vya gugumaji. Jioni chambo kikibaki watu wanafanyaje? Wanamwaga ziwani na maji yake. Sangara mwenyewe tunayemgombania kaingizwa humu miaka ya 1950, na furu, wale samaki wadogo wa asili, alivyowala karibu kuwamaliza mnajua. Ila kanuni ya kumwaga samaki mchangani na kuwachunga kwa kiatu hiyo mimi sijawahi kuisoma.

Mleta mada:
Hapo mwisho ndio ninapopataka mimi! Kibali sawa nitaomba hata vitano, lakini mchangani kwa nini? Angesema rudisha kwa mfugaji ningerudisha. Kainamisha dumu mzee. Taratibu.

Mama Dagaa:
Afadhali hata wewe wa kambare wa kufugwa. Mimi wanaoniumiza ni hawa wanaoingia kwenye matete na vyandarua kuvua furu wa chambo. Furu jike anabeba mayai na watoto mdomoni, ukimkurupua na chandarua anatema kila kitu, sasa hapo umepata chambo kimoja cha ndoano moja na ukoo mzima umeangamia kwenye tope. Halafu hao hawakamatwi, wanapita na ndoo kichwani wanasalimia.

Ndoano Namba Tisa:
Na wauza chambo wenyewe mna dhambi zenu msijifanye malaika. Nanunua ndoo, juu wanacheza, nikifika kwenye kina nageuza, chini wote wamelala chali. Unasukumiwa maiti kwa bei ya wazima!

Mleta mada:
Sio mimi huyo. Mimi dumu sijazi, nafunika na gunia bichi, maji nabadilisha kidogo kidogo.

Ndoano Namba Tisa:
Mnasema hivyo hivyo wote. Furu wanakufa kwa sababu mnawashindilia, jua likipanda maji ya ndoo yanapata moto, na maji ya moto hayashiki hewa, furu hana ujanja wa kambare wa kupumua juu. Asubuhi unauziwa wazima saa nne unatembeza msiba.

Mama Dagaa:
Msiba huo uzi mwingine, mie nazungumzia furu wa mayai.

Kamba Ndefu:
Wakuu mnalilia chambo wenzenu tunalilia migonzo yote. Unatega jioni na chambo chako kizuri kizima, asubuhi ukirudi boya hakuna, kamba hakuna, ndoano hakuna, hata jiwe la kuzamishia wamebeba. Jiwe! Mtu anaiba jiwe ziwani. Na ukiwauliza watu wa timba, hawa wa nyavu, wanakwambia labda mkondo.

Kaka Nyuzi:
Mkondo wenye mikono.

Timba Si Dhambi:
Msituchafulie jina. Nyie wa migonzo ndio mnatega juu ya nyavu zetu, ndoano zikinasa mnakata wavu na kisu mnaondoka zenu. Wavu wangu wa juzi una tundu mtumbwi unapita.

Kamba Ndefu:
Timba yenyewe imepigwa marufuku unakuja kuilalamikia hadharani? Una roho ngumu.

Mleta mada:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kamwaga chambo changu mchangani leo leo hii, kambare wengine walifika majini wenyewe...

Bwawani Kwetu:
Walifika majini? Basi yeye ndio kawapandikiza ziwani bila kibali. Mkuu hapo una kesi.

Mzee wa Mwalo:
😂😂😂 Kesi ya kiatu.

Injini Imeenda:
Samahani kuingilia, mmesema wizi. Sisi wiki hii tumevamiwa tukiwa kwenye maji, wamefungua injini tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi, wametuachia kasia moja tupige zamu. Tumepiga kasia mpaka mikono imechubuka. Sijasikia mwenye kizibao wala kalamu akiulizia.

Mama Dagaa:
Yesu wangu. Mpo salama lakini? Upande gani huo, Ukerewe?

Injini Imeenda:
Salama mama, asante. Karibu na Ukerewe ndio, tulikuwa tunatoka kwenye dagaa.

Kamba Ndefu:
Injini ya nguvu za farasi ngapi?

Injini Imeenda:
Kumi na tano.

Mleta mada:
Poleni. Ila kwenye hili la dumu nataka kujua barua naandikia nani, kuna anayejua?

Kamba Ndefu:
@Injini Imeenda mfuniko una mchubuko upande wa kushoto, na umeandikwa kwa rangi nyekundu?

Injini Imeenda:
NDIO! Umeiona wapi??

Kamba Ndefu:
Usiandike tena hapa. Njoo inboksi sasa hivi.