Twin Peaks inarejea: je, nianze na sehemu 30 za zamani?

Mkesha
Ndugu zangu, salaam. Tarehe 21 mwezi huu wa Mei 2017 tamthilia ya Twin Peaks inarejea katika kituo cha Showtime ikiwa na sehemu 18, zote zikiwa zimeongozwa na David Lynch mwenyewe, na mimi, niliyekuwa na miaka minne ilipokatizwa Juni 1991, nina hamu ambayo nyumbani kwangu wanaicheka. Hata hivyo nimetazama sehemu ya kwanza tu, kwenye mkanda wa Ulaya aliouacha marehemu mjomba, na imenitatiza kwa kuwa hadithi inaonekana kwisha palepale: muuaji wa Laura Palmer, msichana ambaye kifo chake ndicho kiini cha hadithi, anapatikana, kisha mpelelezi Cooper anaonekana akiwa mzee katika chumba chenye mapazia mekundu. Je, nizitazame zote 30, au ningojee mpya?

Mzee wa Mikanda
Ndugu Mkesha, kilichokuchanganya ni mkanda huo. Sehemu ya kwanza iliuzwa Ulaya kama filamu inayojitegemea, hivyo ikapachikwa mwisho ambao watazamaji wa ABC, kituo cha televisheni kilichoionyesha kule Marekani, hawakuuona Aprili 1990. Usahau mwisho huo, lakini chumba chekundu ukikumbuke, maana Lynch alikirudisha baadaye kama ndoto ya Cooper. Ile lafudhi ya ajabu ya waliomo chumbani humo ilipatikana kwa waigizaji kujifunza kutamka maneno kinyumenyume, kisha sauti na picha zikageuzwa.

Tafuta sehemu hiyo kama ilivyoonyeshwa Marekani, uitazame mpaka pale mama yake Laura anapokurupuka akipiga mayowe. Katika kioo nyuma yake kuna sura ya mtu. Huyo ni Frank Silva, mpambaji wa seti, aliyenaswa na kamera kwa bahati mbaya. Lynch alipoambiwa kwamba picha imeharibika, alifurahi, na BOB, pepo anayetisha kuliko wote, akapatikana hivyo. Silva alifariki mwaka 1995, nami nina shauku ya kujua watafanyaje bila yeye.

Kwa ushauri wangu, katika msimu wa pili ruka kuanzia kati. ABC walishinikiza muuaji atajwe, akatajwa Novemba 1990, na baada ya hapo hadithi ikatangatanga wiki nyingi.

Bint Pangani
Shikamoo, Mzee. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe kuhusu kuruka. Ni kweli kwamba visa kadhaa vya katikati vinachosha (kile cha kijana James na mwanamke mwenye gari kinanikera hata leo), lakini atakayeruka atafika sehemu ya mwisho akiwa mgeni, na ndiyo inayomwacha Cooper mahali ambapo sisi tumemngojea miaka yote hii. Humo Laura anamwambia kuwa wataonana tena baada ya miaka 25.

Jambo jingine, kwa sisi tuliokulia Pwani, ni yule muuza viatu mwenye mkono mmoja. Anaponyimwa dawa yake, sauti inabadilika, anayesema si yeye tena, na Cooper anamuuliza kwa utulivu yeye ni nani na ametoka wapi. Bibi yangu alipoona kipande hicho alisema, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, kwamba huyo mpelelezi anajua kupunga pepo, ila amesahau ubani.

Filamu ya mwaka 1992, inayosimulia siku saba za mwisho za Laura, uiweke baada ya zote, kwani inamtaja muuaji waziwazi.

Mkesha
Nawashukuru, na samahani Mzee, nimemfuata Bint Pangani. Leo ni tarehe 2; nikitazama sehemu mbili kila usiku nitamaliza tarehe 16, filamu niiweke tarehe 17, na zitabaki siku tatu za kurudia sehemu ya mwisho. Mkanda wa mjomba sitautupa.